Chakula halisi cha Kituruki jirani na Sultanahmet: ule wapi, na saa ngapi

Ukishuka kituo cha tramu cha Sultanahmet, Ayasofya iko upande mmoja, Msikiti wa Buluu upande wa pili, na katikati wamejaa wapigadebe wa mikahawa. Utasalimiwa kwa lugha nne kabla hujavuka barabara, na kila mmoja atakufungulia menyu yenye picha za kababu. Wengi wetu tukifika hapo tunachagua kwa uchovu. Tunakaa kwenye kiti cha kwanza, tunatafuna nyama kavu na chipsi, kisha tunarudi nyumbani kusimulia kwamba chakula cha Waturuki hakina ladha.

Chakula kizuri kipo, tena kwa miguu kutoka hapo hapo. Linganisho hili nimelipanga kwa ajili ya mtu mwenye saa chache au siku mbili tatu Istanbul: abiria wa kubadilisha ndege anayetoka Dar, Nairobi au Entebbe, mfanyabiashara aliyefikia Laleli kufunga mzigo wa nguo, au familia iliyokuja kutembea. Bei sitaji. Uturuki ni nchi ambayo mfumuko wa bei ulipita asilimia 85 kwa mwaka mnamo Oktoba 2022, na tangu hapo menyu zimekuwa zikibadilishwa mara kwa mara. Bei uliyoisoma mtandaoni mwaka jana haikusaidii kitu. Nitasema tu wapi ni rahisi na wapi ni ghali.

Kinachoamua mlo wako katika eneo hili ni saa, kuliko hata jina la mgahawa. Mchana, mji mkongwe ni mahali pa kazi. Kuna wenye maduka na vibarua wa Kapalıçarşı, lile soko kuu la zamani lenye paa, wauza jumla wa Eminönü, makarani wa Cağaloğlu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Istanbul pale Beyazıt. Watu hawa wanataka kula vizuri, haraka, kwa bei ya kila siku, na wakipunjwa leo kesho hawarudi. Jioni wanapanda vivuko na metro kwenda makwao. Wanaobaki Sultanahmet ni wageni, na jiko linalowaka hapo saa mbili usiku linampikia mtu ambaye halitamwona tena. Kwa hiyo mlo mkubwa ufanye wa mchana, kati ya saa sita na saa nane, na wa usiku ufuate mbali kidogo.

Mikahawa ya mchana ya watu wa kazi huitwa esnaf lokantası. Hakuna mtu wa kukuita mlangoni. Chakula kimepikwa asubuhi, kimepangwa kwenye sinia za moto unazoziona ukiingia, nawe unanyoosha kidole: supu ya adesi, karnıyarık (bilinganya lililopasuliwa na kujazwa nyama ya kusaga), dengu za rojo, mboga mchanganyiko, wali. Huhitaji Kituruki hata neno moja. Mkate kwa kawaida uko mezani. Ikifika saa tisa alasiri sinia nyingi zimebaki mchuzi tu, na ukimkuta mpishi anakwangua usikasirike, umechelewa. Ndani na pembezoni mwa Kapalıçarşı iko kadhaa, ila soko lenyewe hufungwa Jumapili, na nyingi za lokanta hizo hufungwa nalo.

Köfte ya Divanyolu au kichochoro cha Hocapaşa

Kwa mtu ambaye miguu imeshakufa na watoto wanalia, ipo Tarihi Sultanahmet Köftecisi, Divanyolu namba 12, mita chache tu kutoka kwenye tramu. Ilianza mwaka 1920, na ni mojawapo ya sehemu chache za ukanda huo ambazo Waturuki wenyewe bado wanaingia. Menyu ni fupi: köfte za nyama ya kusaga zilizochomwa, saladi ya maharage meupe na vitunguu inayoitwa piyaz, supu, ayran (mtindi wa kunywa wenye maji na chumvi), na halua ya semolina mwishoni. Nyama haina viungo vingi, ni chumvi na moto, na pembeni unawekewa mchuzi wa pilipili. Utakula, utalipa, utaondoka, kwa sababu foleni inakutazama. Angalia jambo moja: jirani zake wana majina yanayokaribiana nalo mno, na wote wanajiita wa kihistoria. Soma mwaka na namba ya nyumba kwenye kibao kabla ya kukaa.

Ukiweza kuteremka kama dakika kumi na tano, au vituo viwili vya tramu, unafika Sirkeci. Jirani na stesheni ya zamani iliyofunguliwa 1890, ile iliyokuwa mwisho wa safari ya Orient Express, treni maarufu iliyotoka Ulaya magharibi, kuna mtaa mwembamba uitwao Hocapaşa Sokak. Siku hizi hata hapa kuna wapigadebe, sitawaficha. Tofauti ni kwamba majiko yake bora kila moja lina kitu kimoja linalokijua. Hocapaşa Pidecisi, ya tangu 1964, inaoka pide tu: mkate mrefu wenye nyama ya kusaga, vipande vya nyama au jibini juu yake, unaotoka tanurini ukichemka siagi.

Mimi huko huifuata cağ kebabı ya Şehzade. Asili yake ni Erzurum, mbali huko mashariki mwa Uturuki, ambako kondoo ni wengi na baridi ni kali. Nyama ya mwanakondoo iliyolazwa kwenye vitunguu, chumvi na pilipili manga hupangwa kwenye chuma kinachozunguka kikiwa kimelala juu ya moto, si kikiwa kimesimama kama döner. Mchomaji anachoma kijiti chembamba cha chuma ndani ya sehemu iliyoiva, anapitisha kisu chini yake, na kijiti kinatoka kimejaa vipande vyenye kingo zilizoungua na katikati laini. Unaletewa mezani na chapati nyembamba ya lavash, vitunguu, nyanya iliyopondwa yenye pilipili, na mtindi. Unaikamata nyama kwa lavash, unavuta kijiti, unakula. Vijiti viwili ndio mwanzo. Ukitaka kingine unanyoosha kidole, na hesabu inafanywa kwa vijiti vilivyobaki mezani, kwa hiyo hakuna ubishi kwenye bili.

Kati ya hizi mbili naichukua Hocapaşa bila kusita. Köfte ya Divanyolu ni nzuri ya aina yake, lakini köfte nzuri zipo kila kona ya Uturuki. Cağ iliyochomwa hivi itakulazimu kuitafuta.

Maharage ya Süleymaniye au shimo la Kadınlar Pazarı

Hapa ndipo penye ushindani wa kweli, na ningekuwa na mchana mmoja tu ningeumiza kichwa.

Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya Mimar Sinan, msanifu mkuu wa masultani, ulijengwa kati ya 1550 na 1557 juu ya kilima kinachotazama Pembe ya Dhahabu, mkono wa bahari unaopita kando ya mji mkongwe. Mkabala wake kuna safu ya mikahawa midogo inayopika kitu kimoja: kuru fasulye, maharage meupe makavu yaliyochemshwa taratibu kwa siagi na nyanya hadi rojo linashika kijiko. Safu hiyo zamani iliitwa soko la waraibu, maana kwenye mabanda yake watu walikaa wakitumia kasumba. Leo uraibu ni wa maharage. Maarufu zaidi ni Erzincanlı Ali Baba, ya tangu 1924. Unaagiza maharage, wali, achari na ayran. Ukitaka vyote sahani moja unasema "pilav üstü kuru", yaani maharage juu ya wali, na mhudumu atajua umefundishwa na mwenyeji.

Nawajua wasomaji wangu. Mtu atasema, nimekaa kwenye ndege kwa muda wa saa saba nije nile wali maharage? Ndiyo. Hicho ndicho Waturuki wanachokula nyumbani, jeshini na kazini, na ni rahisi kuliko chochote kingine nilichokitaja hapa. Lakini usitarajie nazi, iliki wala bizari. Wali wao ni mweupe wa siagi, na mara nyingi una vijipande vya tambi. Utamu wa maharage umetoka kwenye muda, na meza ikiwa na kikopo cha pul biber, ile pilipili nyekundu ya kuponda, tumia upendavyo, hakuna atakayekushangaa.

Ukitembea kutoka hapo kuelekea magharibi utapita mtaa wa Vefa. Vefa Bozacısı imekuwa hapo tangu 1876 ikiuza boza, kinywaji kizito cha nafaka kilichochachuka kidogo, chenye mdalasini juu. Aliyelelewa na togwa atakielewa tangu mnywo wa kwanza, ila hiki ni kizito zaidi, unakilia kijiko. Glasi aliyonywea Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, imehifadhiwa ukutani. Wateja hununua dengu zilizokaangwa duka la mbele na kuzimwaga juu. Msimu wake hasa ni wa baridi. Anayejihadhari na vilivyochachuka aache tu, mlango wenyewe na vigae vyake vinatosha kutazamwa.

Kisha mbele yako linatokea daraja la maji la Warumi, Bozdoğan Kemeri, la karne ya 4, na chini yake uwanja uitwao Kadınlar Pazarı, Soko la Wanawake. Jina lisikudanganye, wauzaji wengi ni wanaume, na wengi wa wafanyabiashara wake asili yao ni Siirt, Bitlis, Van na miji mingine ya mashariki na kusini-mashariki. Madukani yananing'inia mabilinganya na pilipili hoho zilizokaushwa kwa kutungwa uzi. Kuna asali ndani ya masega yake, jibini lenye majani ya milimani, vichwa vya kondoo vilivyopangwa kwa adabu kabisa. Hapa mtalii ni mmojammoja, na hakuna anayemvuta mkono.

Chakula cha hapa ni büryan, na Siirt Şeref ndiyo nyumba inayojulikana zaidi. Mwanakondoo mzima ananing'inizwa ndani ya shimo refu lenye makaa, shimo linafunikwa na kuzibwa, na anaiva kwa mvuke na mafuta yake mwenyewe. Akitolewa, ngozi ya mafuta juu imekauka hadi inavunjika na nyama ya chini inaachia mfupa. Mkataji anaiweka juu ya gogo, anauliza kiasi, anapima, anaikata kwa kisu kipana na kuimwaga juu ya mkate wa moto ili mkate unywe mafuta. Ni hivyo tu: nyama, mkate, chumvi, kitunguu na ayran. Mtu wa biriani asisubiri wali ndani yake. Mwambie mkataji kama hutaki mafuta mengi, kwani kwao mafuta ndiyo heshima ya mgeni.

Wali upo kwenye sahani nyingine, perde pilavı, chakula cha harusi za Siirt: wali wenye kuku, lozi na zabibu kavu ndogo, uliofungwa ndani ya ganda la unga na kuokwa kwenye bakuli, kisha kupinduliwa mezani. Unavunja ganda, mvuke wenye harufu ya pilipili manga unatoka, na hapo hatimaye ulimi wa Pwani unasema, haya, tumefika. Agizeni moja kwa watu wawili.

Nani achague nini? Mwenye pesa kidogo, asiyekula nyama au anayetaka mandhari, Süleymaniye. Lakini angalia kuwa maharage mengine hupikwa na nyama, uliza "etsiz?", yaani haina nyama?, kabla ya kuagiza. Mwenye njaa ya nyama na udadisi wa soko, Kadınlar Pazarı. Na wewe uliyefikia Laleli, habari njema: Kadınlar Pazarı iko karibu nawe kuliko Sultanahmet. Ni mwendo wa takriban robo saa kwa miguu ukipitia Vezneciler, na huna sababu ya kula döner ya pembeni mwa hoteli usiku wote unaosubiri mzigo. Büryan ifuate mchana, jioni huwa imekwisha au imebaki vipande vya mwisho. Usiku kula perde pilavı na kababu za kawaida.

Fatih, wilaya yenye Süleymaniye na Kadınlar Pazarı, ina watu wengi wa dini. Pombe hutaipata kwenye mikahawa hii, na wakati wa Ramadhani baadhi hufunga mchana. Ikifika futari, foleni za Süleymaniye hujaa familia, na ukiwa umefunga ni raha ya pekee kusubiri adhana pale.

Chakula cha masultani

Kuna aina nyingine ya "halisi", ya ikulu. Pale Sultanahmet, Deraliye hupika vyakula vilivyofufuliwa kutoka kumbukumbu za jiko la Topkapı, kwa mfano mutancana, nyama ya kondoo iliyopikwa na matunda makavu na asali, na tikiti lililojazwa nyama na wali. Eminönü, juu ya lango la Mısır Çarşısı, soko la viungo, iko Pandeli, iliyoanzishwa 1901 na Mgiriki, yenye kuta za vigae vya buluu na madirisha yanayotazama soko.

Zote mbili ni ghali kulinganisha na lokanta. Deraliye itakupa hadithi na sahani ambazo Mturuki wa kawaida hajawahi kuzila kwao. Pandeli itakupa chakula ambacho wakazi wa Istanbul wenye uwezo wamekuwa wakikila kwa vizazi: börek (kitu cha kuoka cha tabaka za unga) ya bilinganya, samaki aliyepikwa ndani ya karatasi. Ningempeleka mama mkwe Pandeli mchana. Deraliye ina faida moja kubwa: ni miongoni mwa chache za Sultanahmet ambazo mlo wa usiku una maana, na nyama yenye matunda makavu haitakuwa ngeni kwa mtu wa Unguja au Muscat.

Kuhusu testi kebabı, ule unaoletwa na moto na kuvunjwa chungu mbele ya simu zenu: ni chakula cha kweli, cha Anatolia ya kati, upande wa Yozgat na Kapadokia, na kinahitaji saa kadhaa tanurini. Kikifika mezani dakika kumi baada ya kuagiza, jua chungu kilikuja kuvunjwa tu.

Samaki: Eminönü au ng'ambo

Boti zinazoyumba penye Daraja la Galata zinauza balık ekmek, samaki ndani ya mkate. Kwa picha, sawa. Kwa ulimi wa mtu aliyezoea samaki wa Forodhani au Mombasa, hapana. Samaki huyo, uskumru (jamii ya vibua), mara nyingi ni wa kugandishwa kutoka Norway, na mkate ni mwingi kuliko yeye. Kumkapi, mtaa wa mikahawa ya samaki, nako siendi, wapigadebe wake ni wakali kuliko wa Sultanahmet.

Panda kivuko cha Eminönü kwenda Kadıköy, upande wa Asia, dakika kama ishirini, kwa kadi ile ile ya Istanbulkart unayopandia tramu. Huko soko la samaki liko katikati ya mikahawa, na jioni mitaa imejaa wenyeji. Kumbuka tu kwamba uvuvi mkubwa wa kibiashara husimamishwa kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti. Samaki wa kusifiwa ni wa vuli na baridi. Nje ya msimu huo, nenda Çiya Sofrası iliyoko soko hilo hilo. Musa Dağdeviren, aliyeanzisha Çiya mwaka 1987, amekusanya mapishi ya vijiji vya Anatolia, na sufuria zake hubadilika kwa msimu. Unakwenda kwenye sufuria, unauliza, unaonja, unachagua. Kwa mlo wa usiku sijui pengine pa kumshinda kwa umbali huo.

Vitamu havinichukui muda. Baklava, vuka daraja kwa tramu hadi Karaköy Güllüoğlu, ya tangu 1949. Lokum (vile vitamu laini vya wanga na sukari) ya kupeleka nyumbani, Hacı Bekir, Bahçekapı, ambao jina lao ni la 1777. Madirisha yanayong'aa ya Divanyolu yapite.

Ukitua jioni na kuondoka asubuhi

Abiria wa Turkish Airlines wenye mapumziko marefu hupewa ziara ya bure ya mji, kama viza inawaruhusu kutoka. Mlo umo, ila pa kula hupachagui wewe. Ukitoka peke yako, hesabu saa nzima na zaidi kila upande kutoka uwanja mpya wa ndege hadi mji mkongwe, na usijaribu Kadıköy kama ndege yako ni ya alfajiri. Nenda moja kwa moja Sirkeci. Kabla ya kukaa tazama karatasi ya bei mlangoni, na sahani yoyote ya vitafunio inayoletwa bila kuagizwa uliza "ücretli mi?", yaani inalipiwa? Ikijibiwa evet, ndiyo, na hukuitaka, irudishe. Kisha agiza pide moja ya nyama, umwombe ayran badala ya soda, na ukae upande wa tanuri uone inavyoingia na kutoka.